Kujitoa

Hapa Bujumbura, ukisikia mtaani Buyenzi kwamba fulani amejitoa, usikimbilie kumsifu. Huenda ameacha kikundi cha kuweka akiba, kachukua fedha zake, kaenda zake. Kanisani neno hilohilo ni sifa: ametoa muda, mali, hata uhai kwa ajili ya wenzake. Kinachoamua ni kihusishi tu: kujitoa *katika*, au kujitoa *kwa*.

Sijui mahali ambapo maana hizo mbili zilikabiliana waziwazi kama Buta, katika uliokuwa mkoa wa Bururi. Aprili 30, 1997, alfajiri, watu wenye silaha waliingia katika seminari ndogo, wakawaamuru wanafunzi wajitenge: Wahutu huku, Watutsi kule. Kujitoa katika kundi kungewaokoa baadhi yao. Walikataa, wakabaki pamoja. Waliuawa 40.

Gambera wao, yaani mkuu wa seminari, padri Zacharie Bukuru, alinusurika, baadaye akawa mmonaki. Vijana wale hawakuwa wahubiri. Walikuwa wanafunzi, wenye madaftari na vitanda vya bwenini. Lakini mahujaji huenda kusali penye makaburi yao, na tangu 2019 Kanisa la Burundi linafuatilia kesi ya kuwatangaza wenyeheri.

Kwa hiyo mhariri akikuletea sentensi "walijitoa Buta", mrudishie. Aandike walijitoa kwa nani.