MPINI USIO NA KATIKATI: HISTORIA YA MASHINE YA 720° NA KAZI YA KUIHUISHA



Mhariri wa gazeti letu ameniomba insha ya historia, akaniachia hiari ya kuchagua mada. Wengi wenu mnajua kwamba tangu nilipohitimu Chuo Kikuu nimefanya kazi serikalini, katika masjala, nikishughulika na majalada. Pengine mlitazamia niandike habari za mkoloni au za kupigania uhuru. Badala yake nimechagua mashine ya mchezo iliyotengenezwa Marekani mwaka 1986. Msinicheke kabla ya kunisikiliza. Katika miaka yangu ya kutunza nyaraka swali moja limenisumbua kuliko mengine yote: kitu kikishanakiliwa, asili yake ina kazi gani tena? Mashine hii yalijibu swali hilo vizuri kuliko jalada lolote nililopata kulishika, na mwishoni nitaeleza jinsi jibu lake linavyoihusu shule yetu.

Ubao na ukame

Kwanza hapana budi tujue mchezo huo unaigiza nini. Skeitibodi ni ubao mfupi wenye magurudumu manne chini yake. Mchezaji husimama juu yake, husukuma ardhi kwa mguu mmoja, kisha huuacha umchukue. Ulipata umaarufu huko California miongoni mwa vijana wa pwani, waliotaka kuteleza nchi kavu kama walivyozoea kuteleza juu ya mawimbi ya bahari. Magurudumu ya awali yalikuwa ya chuma, kisha ya udongo mgumu. Yalikuwa yakiteleza ovyo, na kokoto moja tu iliweza kumwangusha mtu kifudifudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Frank Nasworthy alileta magurudumu ya plastiki ya poliyurethani, ambayo hushika lami vizuri. Hapo ubao ukawa chombo cha kuaminika.

Baadaye ukaja ukame mkali wa California wa mwaka 1976 na 1977. Mabwawa ya kuogelea yaliachwa matupu, na vijana wakaingia humo na mbao zao, wakazipanda kuta zilizopinda mpaka ukingoni. Viwanja vya saruji vikajengwa kwa ajili yao. Lakini viwanja hivyo navyo vikaanza kufungwa miaka hiyo hiyo ikielekea kwisha, kwa sababu ajali zilifanya gharama za bima zisihimilike. Vijana wakabaki na barabara, ngazi za majengo ya watu, na miteremko ya mbao waliyojijengea uani. Mchezo ukafifia, lakini haukufa, na ilipofika katikati ya miaka ya 1980 ulikuwa umeshamiri tena. Mwaka 1985 kijana Tony Hawk alifaulu kuzunguka hewani mara mbili kamili juu ya ubao wake kabla ya kutua. Mzunguko mmoja una nyuzi 360, na miwili ina nyuzi 720. Mchezo wa kuzunguka namna hiyo ndio ulioipa mashine yetu jina.

Mashine yenyewe

Kampuni ya Atari ilianzishwa California mwaka 1972 na Nolan Bushnell pamoja na Ted Dabney, na mwaka huo huo ikatoa mchezo wa Pong ulioitangaza biashara ya mashine za kutia sarafu. Mwaka 1984 kampuni iligawanywa. Upande wa kompyuta za nyumbani uliuzwa kwa Jack Tramiel, na upande wa mashine za sarafu ukaendelea kwa jina la Atari Games. Huko ndiko walikofanya kazi John Salwitz na Dave Ralston. Walikuwa wamekwisha kubuni Paperboy, mchezo wa kijana anayegawa magazeti akiwa juu ya baiskeli, ambao mchezaji wake hushika usukani ulioundwa kwa mfano wa ule wa baiskeli. Mwaka 1986 wakatoa 720°.

Ndani ya kioo cha mashine hiyo mna mji mdogo wenye barabara, maduka na miteremko. Mchezaji humwongoza kijana mwenye ubao, akifanya mikogo barabarani ili apate pointi. Pointi humpatia tikiti, na tikiti humfungulia mlango wa mojawapo ya viwanja vinne vya mashindano. Akishinda hupata medali na fedha, na kwa fedha hizo hununua viatu, kofia ya kujikinga, vikinga magoti na ubao bora zaidi. Lakini saa inakwenda. Muda ukimwishia akiwa bado barabarani, maandishi na sauti humwamrisha ateleze ama afe, na mara kundi la nyuki wakali humwandama mpaka wamwangushe, isipokuwa awahi kuingia kiwanjani.

Mwenye jicho la historia hataona nyuki tu hapo. Ataona mji ambamo kijana hana ruhusa ya kusimama, barabara haimtaki, na kiwanja hakiingiliki bila tikiti. Ndivyo hali ya vijana wengi wa mbao ilivyokuwa baada ya viwanja vyao kufungwa. Mchezo wa watoto, lakini ndani yake mna ushahidi wa zama zake.

Sasa natufike kwenye mpini, maana ndio kiini cha habari hii. Mpini wa kawaida wa mashine za michezo husukumwa mbele, nyuma, kushoto au kulia, na ukiachwa hurudi katikati. Mpini wa 720° haurudi katikati kwa kuwa hauna katikati. Umeinama, nao hufuata duara tu, kama mwiko wa mtu anayekoroga uji. Chini yake mna visahani viwili vyenye meno, kimoja meno 72 na kingine meno 2, vinavyopita mbele ya vimacho vya mwanga. Cha kwanza huhesabu mzunguko, cha pili huikumbusha mashine upande wa mbele uko wapi. Pembeni kuna vibonyezo viwili, kimoja cha kusukuma ubao na kingine cha kuruka. Anayetaka kuzunguka mara mbili hewani hana budi kuukoroga mpini kwa kasi, bega na kiwiliwili vikiufuata mkono. Na juu ya kabati lote limekaa umbo la redio kaseti kubwa, ya aina waliyokuwa wakibeba vijana mabegani wakati ule, na spika zimo humo.

Nakala na asili

Mchezo huu ulinakiliwa mapema. Mwaka 1987 ulitolewa kwa kompyuta za nyumbani, na mwaka 1989 kwa mashine ya nyumbani ya Nintendo. Nakala hizo zilipunguzwa mno ili ziingie katika vyombo vidogo. Kisha mwaka 1997 Mwitaliano Nicola Salmoria alianzisha programu iitwayo MAME, inayoiwezesha kompyuta ya kawaida kuendesha programu za mashine za zamani kama zilivyo, herufi kwa herufi. Tangu hapo mtu aweza kudai kwamba 720° imehifadhiwa na haiwezi kupotea.

Je, ni kweli? Programu imehifadhiwa, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini aliyeketi mbele ya kompyuta akibonyeza vitufe vinne vya kushoto, kulia, juu na chini hachezi mchezo ule. Anasoma maneno ya ngoma bila kusikia ngoma. Programu iliandikwa ili iongee na mpini unaozunguka, na bila mpini imebaki ikimngoja mtu asiyekuja.

Na mpini huo ndio ulioadimika. Kwa mwenye ukumbi wa michezo, mashine ilikuwa chombo cha kuingiza fedha. Mchezo ulipochakaa machoni pa vijana, aghalabu kabati halikutupwa, bali liligeuzwa: ubao wa umeme mpya ukatiwa ndani, rangi ikapakwa juu ya picha za zamani, na meza ya vidhibiti ikang'olewa ikawekwa ya kawaida. Mpini wa pekee usiofaa mchezo mwingine wowote ulikuwa wa kwanza kuonekana takataka.

Kazi ya kuihuisha

Wanaozitafuta mashine hizi leo ni watu waliokuwa vijana wakati ule, ambao sasa wengi wamepita miaka hamsini. Huzikuta ghalani, zimelowa chini na kuliwa na panya. Fundi mwenye busara haiwashi mashine siku hiyo. Kwanza huipiga picha kila upande na kuandika kila waya unakokwenda. Kioo chake ni cha kizamani, chenye mrija wa ombwe unaotumia umeme wa maelfu ya volti, na umeme huo waweza kubaki humo hata baada ya waya wa ukutani kuchomolewa. Hivyo hana budi kuuondoa kwanza, la sivyo utamwua.

Halafu huja kapasita, yaani vijipipa vidogo vinavyotuliza umeme. Ndani yake mna majimaji ambayo hukauka au kuvuja kadiri miaka ipitavyo, na fundi huving'oa kimoja kimoja na kuchomelea vipya kwa risasi. Chipu za kumbukumbu hukaguliwa zote, maana chipu za aina ile hushikilia habari kwa chaji ya umeme inayoweza kupungua kwa miongo, na hapo nakala ya kompyuta huwa msaada mkubwa: fundi huitumia kuandika upya chipu iliyosahau. Kioo nacho kina shida yake. Mashine hii hutumia kioo kinachochora picha safi kuliko televisheni ya kawaida ya wakati ule, kwa hiyo kioo cha televisheni ya mtumba hakiwezi kuchukua nafasi yake, na viwanda vikubwa vimekwisha acha kutengeneza vioo vya namna hiyo.

Mwisho ni mpini. Visahani husafishwa kwa brashi laini, vimacho vya mwanga hupimwa, na sehemu zilizosagika huchongwa upya. Hapa ndipo mafundi hubishana. Je, alama za mikono ya vijana waliocheza kabla zifutwe ili mashine ing'are kama mpya? Je, picha za ubavuni zilizochubuka zichapishwe upya? Wengine hutaka mng'aro. Walio makini zaidi husema: badilisha kile tu ambacho bila hicho mashine haitatembea, kihifadhi ulichokitoa, na uandike ulichofanya. Mimi mtu wa masjala niko upande wao. Jalada lililosafishwa mno huwa limepoteza nusu ya habari zake.

Hamu ya zamani

Wapo wanaosema kazi yote hii ni hamu ya ujana tu, watu wazima wakitaka kuwa watoto tena. Hamu ipo, nani atakana? Lakini hamu ya zamani husema uongo mtamu. Humwambia mtu kwamba alikuwa bingwa, kwamba sarafu moja ilimtosha jioni nzima. Akisimama tena mbele ya mashine yenyewe, iliyohuishwa, nyuki humwandama baada ya muda mfupi na mkono humwuma. Mchezo ulikuwa mgumu, na mashine ilikuwa na njaa ya sarafu. Kumbukumbu imesahihishwa, na iliyoisahihisha ni asili, si nakala.

Hili ndilo jibu nililoahidi. Nakala hutusaidia tusisahau. Asili hutusaidia tusijidanganye. Ofisini kwetu twaingiza majalada katika kompyuta, nami naiunga mkono kazi hiyo kwa moyo wote, maana hurahisisha kutafuta na huokoa karatasi zisishikwe ovyo. Lakini ukitokea ubishi wa mpaka au wa haki ya mtu, hatimaye watu huomba kuiona karatasi yenyewe: wino wake, muhuri wake, na maneno yaliyoandikwa nyuma kwa kalamu ya risasi ambayo hakuna aliyefikiri kuyanakili.

Sasa nije nyumbani. Ghala la shule yetu lina mashine ya kudurufu ya mpini, ile iliyotuchapia mitihani ya majaribio kwa stensili. Katika ajenda ya mkutano wetu mkuu ujao limo pendekezo la kuuza vitu vyote vya ghala kama vyuma chakavu, kwa hoja kwamba picha zake zimekwisha pigwa. Naomba tuitoe mashine hiyo katika orodha. Hapa kila tukikutana, mmoja husema ilitoa karatasi mia tano bila kukwama, mwingine huapa kwamba haikuwahi kumaliza somo moja bila kuchana stensili. Picha haiwezi kutuamua. Mpini wake waweza.

Sipendekezi gharama kubwa. Fundi mmoja wa taipureta na mashine za ofisi, mipira mipya ya kuvutia karatasi, wino, na siku mbili za kazi. Pamoja na hayo, kila aliyewahi kuuzungusha mpini ule aandike ukurasa mmoja: stensili ilivutwaje, mkono uliongezewa kasi wakati gani, wino ulipozidi ulifanywaje. Kurasa hizo zikae katika jalada moja kando ya mashine. Waalimu waliotufundisha kazi hiyo wamebaki wachache, na maarifa yaliyo mkononi mwa mtu hayapigwi picha. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Kisha tuwaite wanafunzi wa Kidato cha Kwanza, tuwape stensili moja, tuwaache wazungushe. Watachafuka mikono, na watajua tulivyosoma.