Mpangilio wa Maua ya Msimu Katika Chungu

Maua ya msimu mmoja, kama vile zinia, marigoldi na petunia, huota, huchanua, hutoa mbegu na kufa kabla mwaka haujaisha. Uzuri wa chungu chake hutegemea mpangilio: zinia ndefu hupandwa katikati, marigoldi fupi huzizunguka, na petunia zitambaazo huwekwa ukingoni ili zining'inie. Zote huhitaji jua la saa 6 au zaidi kwa siku. Maua yapendayo kivuli yatengewe chungu kingine.

Chungu kisichotobolewa chini huozesha mizizi, na kokoto hazichukui nafasi ya tundu. Ua linaponyauka likatwe mapema, kwani mmea uliokwisha kukomaza mbegu huacha kuchanua. Ukizuiwa, hutoa maua mapya.