Mkaa wa Katuruka na umri wa chuma cha Buhaya

Wazee wa Buhaya walisimulia kwamba Rugomora Mahe, Mukama (mfalme) wa Kyamutwara katika karne ya 17, aliwaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma wa kufika mbinguni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanaakiolojia wa Marekani, Peter Schmidt, aliyafuata masimulizi hayo hadi Katuruka, Bukoba, akachimba. Alikuta mavi ya chuma na mkaa, na baadhi ya mkaa huo ulipopimwa ulionekana kupita miaka 2,000. Uhunzi ulikuwapo hapo muda mrefu kabla ya Mahe.

Umri huo ulijulikanaje? Mti ulio hai hufyonza kaboni-14 kutoka hewani. Ukifa, kaboni hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, na kila atomu inayooza hurusha elektroni moja. Kuhesabu elektroni hizo ndiko kulikosumbua, kwa sababu huishiwa nishati njiani. Mwaka 1913 Niels Bohr alikuwa ameeleza kwamba chembe yenye chaji ikipita katika maada huzigonga elektroni zilizomo na kuziachia nishati yake kidogo kidogo.

Elektroni ya kaboni-14 ni dhaifu: hewa ya sentimita thelathini hivi huimaliza, na haiwezi kupenya ukuta wa kawaida wa kihesabio, yaani chombo cha kuzihesabu elektroni. Kwa hiyo Willard Libby wa Chicago, aliyetangaza mbinu ya kupima umri kwa kaboni-14 mwaka 1949, aliiweka kaboni ndani ya kihesabio chenyewe. Baadaye maabara ziliigeuza gesi ya kukijaza kihesabio chote.

Tangu 1977 mashine za kuharakisha atomu huhesabu atomu za kaboni-14 moja kwa moja, bila kusubiri zioze. Molekuli za kaboni na haidrojeni zenye uzito uleule zingeivuruga hesabu, hivyo hupitishwa katika gesi au karatasi nyembamba ya kaboni, zikapokonywa elektroni na kuvunjika.

Hata hivyo, kipimo hutaja umri wa kuni, si wa moto. Kiini cha mti mkubwa chaweza kuwa na umri wa karne kadhaa siku unapokatwa, ndiyo maana tarehe za kale zaidi za Katuruka zilibishaniwa na wataalamu. Mbegu na vijiti vilivyoungua, ambavyo havikuishi muda mrefu, ndivyo hutoa jibu lililo karibu na siku ya mhunzi.