Umiliki wa Kitabu cha Kidijitali na Udumifu wa Matini: Funzo kutokana na Shamba la Wanyama

Mwezi Julai 2009, kampuni ya Amazon iliondoa nakala za Animal Farm na Nineteen Eighty-Four, riwaya mbili za George Orwell, katika vifaa vya Kindle vya wateja waliokwisha kuzinunua. Sababu ilikuwa ya kisheria: aliyeziweka sokoni hakuwa na hakimiliki yake nchini Marekani. Fedha zilirejeshwa, lakini ilidhihirika kwamba mnunuzi alikuwa amepewa idhini ya kusoma, si kitabu. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vya wateja vikatoweka vivyo hivyo.

Tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya kwanza, Shamba la Wanyama ya Fortunatus Kawegere, ilichapishwa Nairobi mwaka 1967 na East African Publishing House. Mchapishaji huyo hayupo tena, ila nakala zingali maktabani na mikononi mwa wasomaji. Ni kweli kwamba karatasi huharibiwa na unyevu na mchwa. Hata hivyo, mchwa hula nakala moja moja, ilhali amri ya muuzaji huweza kufuta nyingi kwa mara moja.

Uhakiki wa matini hutegemea ulinganishaji wa matoleo. Tukirithisha idhini pekee, mhakiki wa kesho atakosa toleo la kulinganishia. Kwa hiyo, maktaba za vyuo vikuu zinaponunua vitabu vya kidijitali, hazina budi kudai haki ya kuhifadhi faili zenyewe.