Tawasifu: Mwandishi Anapojitambulisha

Mwaka 1949 Shaaban Robert alichapisha Maisha Yangu. Miaka 9 baadaye kikatoka Wasifu wa Siti binti Saad, alichomwandikia mwimbaji mashuhuri wa taarabu wa Unguja. Kalamu ni moja, fani ni mbili. Kitabu cha Siti ni wasifu: mtu anasimulia maisha ya mwenzake. Maisha Yangu ni tawasifu: anayesimulia na anayesimuliwa ni mtu yule yule, na jina lake ndilo lililo kwenye jalada.

Istilahi zote mbili zinatokana na mzizi wa Kiarabu w-s-f, wenye maana ya kueleza kitu kilivyo. Hata hivyo, Waarabu wenyewe tawasifu huiita sira dhatia, yaani wasifu wa nafsi. Kiswahili kimechukua mzizi wa kuazima kikauumba kwa haja yake, na matokeo yake ni mazuri: wasifu na tawasifu ni jozi ambayo mwanafunzi akishaisikia mara moja haimpotei.

Mzizi huo ndio uliozaa pia neno sifa, na hapo pana jambo zito. Sifa ni hali ya mtu alivyo, na ni maneno ya kumtukuza vilevile. Anayejieleza, basi, yuko hatua moja tu na kujisifu, tabia isiyopendwa na Waswahili. Ajitambulisheje bila kujikweza?

Mshairi Mwana Kupona alikuwa na jibu lake tangu 1858. Katika utendi aliomtungia binti yake, nasaha zinatangulia. Jina lake na mji wa Pate alikozaliwa vinakuja mwishoni, pamoja na mwaka wa utunzi, 1275 wa Hijria. Huo si tawasifu, lakini unaonyesha adabu iliyokuwapo kabla ya istilahi: msomaji anapewa faida kwanza, kisha anaambiwa nani kampa.

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, alishika njia nyingine. Kwa kuhimizwa na Mjerumani Heinrich Brode, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Hakawii utotoni. Anaanza akiwa na umri wa miaka 12, anasafiri safari za karibu kufanya biashara ya sandarusi. Kuanzia hapo ni njia, mali, madeni na vita. Mfanyabiashara huyu wa pembe na watumwa anajitambulisha kwa aliyoyatenda, na kwa kuwa yeye ndiye anayechagua la kusema, waliotendwa hawapati nafasi ya kujieleza. Ndiyo maana kutaja fani ni muhimu: neno tawasifu linamkumbusha msomaji kwamba shahidi ni mmoja.

Shaaban Robert naye hakutaka kuwa peke yake jukwaani. Ndani ya Maisha Yangu kuna msiba wa mkewe Amina, na kuna tenzi mbili za kuwausia wanawe, Hati kwa binti na Adili kwa mwana wa kiume. Tunamjua kwanza kama mume na baba, halafu kama mshairi.

Istilahi hii ina majirani wa kutofautishwa nao. Shajara huandikwa siku kwa siku, mwandishi asijue kesho italeta nini. Tawasifu huandikwa na mtu anayetazama nyuma. Wasifukazi ni karatasi ya kuombea kazi: shule, vyeti, vyeo na tarehe. Anayeandika kitabu kama wasifukazi humwachia msomaji orodha, asimwone mtu.

Waandishi wenyewe neno tawasifu hawaliweki sana kwenye jalada. Rais wa zamani wa Tanzania Ali Hassan Mwinyi alikiita chake Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, kikazinduliwa tarehe 8 Mei 2021, siku alipotimiza miaka 96. Kati ya kitabu hicho na cha Shaaban Robert kuna miaka 72, na wote wawili wamechagua maneno “maisha yangu”. Hayo yanawatosha wao. Mhakiki, mwalimu na mkutubi ndio wanaohitaji tawasifu, ili vitabu hivyo viwili wavipange pamoja, na cha Siti binti Saad wakiweke upande wa wasifu.