Xeer

Xeer ni sheria ya kimila ya Wasomali, inayotumika hadi leo katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Msingi wake ni mapatano kati ya koo, yanayohifadhiwa kwa mdomo na kusimamiwa na wazee. Wajibu ni wa jamii nzima: mtu akiua, ukoo wake hulipa dia, kwa desturi ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke.

Mwaka 1651, mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes alidai kwamba pasipo mtawala mwenye nguvu hakuna sheria wala amani. Xeer inapinga dai hilo, kwa kuwa huwafunga watu kwa ahadi, bila polisi wala jela. Dola, kwa upande wake, iliingia eneo hili kwa mabavu: wakoloni waliwawekea wakazi vizuizi vya kusafiri, na hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963 haikuondolewa hadi 1991.

Azimio la Modogashe la 2001 liliwakutanisha wazee na maafisa wa serikali kuhusu malisho, maji, wizi wa mifugo na fidia. Ibara ya 159 ya Katiba ya 2010 inatambua usuluhishi wa jadi, mradi usikiuke Sheria ya Haki. Dia inayompunguzia mwanamke thamani, na maslaha (mapatano ya nje ya mahakama) ya wazee katika kesi za ubakaji bila sauti ya mwathiriwa, havitimizi sharti hilo.