Kutu ya Njoro na matatu mbili za watu 18

Wasee, wiki jana niliweka video fupi ya mashamba ya ngano huko Njoro, na komenti iliyopata laiki nyingi kuliko zote ilisema kutu ya Ug99 ilitengenezewa maabara na wazungu, ikaletwa huku ili tununue mbegu zao. Sikujibu. Sikuwa na jibu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kabisa, sasa mtu akiniuliza swali la biolojia huwa naogopa kujiaibisha. Lakini hii ilinikera, kwa sababu hiyo kutu imeingia hadi kwetu. Mjomba wangu alikodisha shamba Mau Narok mwaka wa 2007, nikiwa sijaanza hata nasari, akapanda ngano, na mpaka leo ukimtajia mwaka huo anabadilisha stori. Mashina yaligeuka rangi ya matofali. Ukipita ndani ya shamba, suruali inatoka nyekundu. Kombaini ilipokuja ilivuna majani tu.

Basi nikasoma. Hii ndiyo historia yenyewe, na ni tamu kuliko ile ya komenti.

Kutu si mgeni wa juzi hapa kwetu. Delamere alipojaribu kulima ngano Njoro mwanzoni mwa karne iliyopita, kutu ilimmaliza mpaka akaajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu zinazostahimili. Kituo cha serikali cha kuzalisha mbegu kilianzishwa Njoro mwaka wa 1927, na ndicho leo kiko chini ya KALRO. Kwa hivyo ukiwa kwa matatu ya kwenda Egerton, jua unapita karibu na watu wanaopigana na ugonjwa mmoja kwa karibu miaka mia.

Halafu ikaja 1998. Nchini Uganda ngano iliyokuwa na jeni ya kinga inayoitwa Sr31 ilipatikana na kutu. Hiyo jeni ilikuwa imetegemewa dunia nzima kwa miaka mingi. Mwaka uliofuata ikathibitishwa kwamba ni aina mpya, ndiyo maana ikaitwa Ug99: Uganda, 1999. Mwaka wa 2001 ikaonekana Kenya. Mwaka wa 2005 Norman Borlaug, yule wa Tuzo ya Nobel, akiwa amepita miaka 90, alikuja akaona mashamba ya Njoro na akaambia dunia iamke. Tangu hapo nchi nyingi huleta ngano zao Njoro, maelfu kwa maelfu ya mistari, misimu miwili kwa mwaka, ili zishambuliwe makusudi na ijulikane gani itasimama. Kutu nayo haikulala: mwaka wa 2006 ikapatikana hapa Kenya aina iliyovunja jeni nyingine, Sr24, na mwaka uliofuata mjomba akalipa.

Sawa, lakini ilitoka wapi? Hapa ndipo inabidi tuingie ndani ya seli.

Huyu kuvu ana tabia ya ajabu. Wewe seli yako ina kiini kimoja. Yeye, akiwa kwa ngano, kila seli ina viini viwili, kila kimoja na kromosomu 18. Ukisoma DNA yake kwa mashine unapata vipande vya viini vyote viwili vimechanganyika, na hujui kipi kilitoka wapi.

Fikiria stage ya Nakuru usiku, matatu mbili zimesimama, kila moja ni ya watu 14 lakini imebeba 18 (tunajuana). Huoni ndani. Ungejuaje nani yuko gari gani? Unawagandisha wote hapo walipo, unamfunga kila mtu mkono na aliyemgusa, kisha unawatoa wawili wawili na kuandika majina. Ukirudia na mamia ya magari yenye abiria walewale, wanaosafiri pamoja watajitokeza wenyewe.

Hiyo ndiyo mbinu. Wanagandisha DNA kwa fomalini, ile ya mochari, ili sehemu zilizokaribiana zishikane. Wanaikata kwa vimeng'enya, wanaunganisha ncha zilizo jirani, kisha wanasoma zile jozi. Job Dekker na wenzake waliianza mwaka wa 2002 kwa hamira, wakiangalia sehemu chache tu. Mwaka wa 2009 ikaja Hi-C, inayosoma miguso ya DNA yote kwa mpigo. Lengo lilikuwa kujua jinsi karibu mita mbili za DNA yako zinavyojikunja ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho. Hakuna aliyekuwa akifikiria ngano ya Mau Narok.

Lakini mwaka wa 2019 wanasayansi wa Australia, Marekani na Afrika Kusini waliitumia kwa kutu ya zamani iliyoonekana Australia mwaka wa 1954, ya ukoo uliokuwa kusini mwa Afrika tangu miaka ya 1920. Kromosomu zikajigawa: 18 huku, 18 kule. Walipolinganisha na Ug99, kiini kimoja kilikuwa kilekile. Kizima, bila kromosomu hata moja kubadilishwa. Kiini cha pili ndicho kilikuwa tofauti.

Maana yake kutu mbili zilikutana, nyuzi zao zikaungana, zikabadilishana viini. Si ndoa kamili ambapo kromosomu huchanganywa upya. Ni njoo-tukae. Kiini kizee cha Afrika kilihamia kwa mpenzi mpya, na wawili hao wakavunja Sr31.

Kwa hivyo kaka wa komenti, hapana, haikuhitaji maabara. Ilihitaji tu aina mbili zikutane kwa shamba moja. Na ukiniuliza, hiyo inatisha zaidi, kwa sababu mtu wa maabara unaweza kumkamata. Mashamba yetu yana kutu mwaka mzima, na aina mbili zinaweza kukutana tena leo, labda pale nyuma ya Mau Narok.

Lakini upande mmoja nakubaliana na wewe. Kutu inachukuliwa huku, ngano inapimwa huku, mashine ya kusoma iko kwingine, na jina ndilo limebaki na Uganda, ilhali nusu ya damu yake ilikuwa inazunguka kusini mwa Afrika kabla Uganda haijapata uhuru.

Nilimtumia mjomba hii stori kwa sauti ya WhatsApp. Amesikiliza mara mbili, kisha akajibu swali moja tu: mwaka huu apande mbegu gani. Kesho napanda matatu ya Njoro kumuulizia.